Bei Tuliyompa Karani kwa Kamyoneti Yake

Mafuta ya mawese hayazami. Hilo nililijua nikiwa mtoto bado, kimo cha kufika kiunoni mwa mtu mzima, siku pipa moja lilipowaponyoka watu wa bandari ya Kalundu, likagonga jiwe na kupasuka ndani ya maji. Ziwa likawa jekundu pale ukingoni, wekundu wa kupendeza, na wanawake wakaja mbio na mabakuli, masufuria, vibuyu, mmoja na kofia ya mume wake, wakaingia mpaka kifuani na kuanza kukwangua yale mafuta kama mtu anavyoondoa utando juu ya maziwa. Hakuna aliyewafukuza. Mzungu wa bandari alisimama juu ya ukuta akacheka, halafu akachoka kucheka akaenda kula. Mama yangu alijaza ndoo moja na nusu. Kitenge alichovaa hakikutakata tena, na sisi watoto tulinuka mawese wiki nzima, mbwa wakawa wanatufuata. Sijui kwa nini ninaanzia hapo. Nilitaka kuandika habari za gari. Lakini kila nikilitafuta lile gari kichwani mwangu, kwanza ninaona mafuta, na pembeni ya mafuta, kwenye kivuli cha depo, ninaona kijana amekaa juu ya debe tupu anatafuna muwa. Alikuwa Sumaili. Alikuja kununua. Tangu asubuhi wanawake walimwita, "We kijana, njoo tukuuzie!", na yeye akanyanyua mkono tu, kama mtu ambaye bado anasikiliza hadithi. Alinunua saa tisa, jua lilipokwisha kuwachoma mabega na watoto wanalia njaa. Mama akampa ndoo nzima kwa bei ya vikombe vitatu, na akamwambia asante.

Sumaili tumemzika mwezi uliopita. Matanga yalikuwa hapa Kilibula, nyumba ya nne kutoka kwangu, chini ya turubai la kukodi. Nilikaa kwenye benchi nyuma, sahani ya maharagwe juu ya magoti, nikasikiliza watu wanavyomsifu. Mama mmoja alisema marehemu hakumwibia mtu hata siku moja. Kweli, hakuiba. Mwingine akasema alimfundisha biashara nusu ya Uvira. Na hilo kweli. Halafu mwanawe mkubwa akaja akainama sikioni mwangu: "Papa Kashindi, weye ndiye ulifanya kazi naye ujana wenu. Simama utuambie neno." Nikamwambia kifua kinanibana. Hakikunibana. Nilimaliza maharagwe yangu, nikarudi nyumbani, na tangu siku ile neno nililokataa kulisema limekaa nami chumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo anayesoma hapa anisamehe pale ninapozunguka.

Mwaka wenyewe ni ule ambao uhuru ulikuwa haujafikisha miaka minne. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, ninamfanyia kazi Sumaili, ambaye nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alinizidi umri. Tulinunua ndagala, wale samaki wadogo kama kidole, tunawaanika mchangani, tunawapakia kwenye vikapu juu ya baiskeli na kuwasukuma mpaka Luberizi na Bwegera, kuwabadilisha na mchele. Siku mbili kwenda, kama mvua haikunyesha. Basi ilikuwa hivi pale ufukweni. Wavuvi wanarudi alfajiri. Sisi wanunuzi tunakaa kwenye mchanga, mstari mmoja, kila mtu na beseni lake, na hakuna anayetaja bei. Tunaongea habari za mvua, za mashemeji. Wake wa wavuvi wanatutukana: "Nyie watu wa mabeseni, mumekuja kununua samaki ao kuwafanyia matanga?" Tunacheka. Jua linapanda, tumbo la ndagala linalainika, na ikifika saa nne mvuvi anaanza kututazama machoni. Hapo ndipo bei inatajwa. Aliyetaja mapema aliwaharibia wenzake, na beseni lake moja tuligawana sisi wote iwe adhabu. Na kulikuwa na sheria nyingine, kubwa kuliko hiyo: ukishataja bei, huipandishi wewe mwenyewe. Unangoja mwenye mali aseme hapana. Akisema hapana unaongeza kidogo, anasema hapana, unaongeza, mnaitana wezi, mnafika. Mtu aliyepandisha bei yake mwenyewe bila kukataliwa, tulimcheka mpaka akabadilisha ufuko.

Ndivyo nilivyofundishwa kununua, na sikujua kwamba duniani kuna watu wanaouza kwa namna nyingine.

Karani mmoja wa biro ya serikali, jina lake Gabrieli, alikuwa na kamyoneti, gari dogo la mizigo. Watu walimwita Papa Esta kwa jina la binti yake wa kwanza. Kamyoneti aliinunua kwa agronomu, bwana shamba mzungu aliyeondoka wakati wa uhuru. Ilikuwa ya kijivu, mlango wa kushoto umefungwa na kamba, nyuma ina ubao ambao ungebeba vikapu arobaini bila kulalamika. Sumaili aliiota ile kamyoneti. Nakumbuka anasukuma baiskeli kwenye matope ya uwanda wa Ruzizi, anasimama, anapiga tandiko kofi: "Kashindi, na ile mutuka tungekuwa tumekwisha kula na kulala." Halafu ikaanza kusemwa kwamba waasi wanashuka, kwamba wana dawa inayogeuza risasi kuwa maji, na kwamba wakifika mahali wanatafuta kwanza makarani. Walisema makarani ndio waliokula uhuru. Wanakushika kiganja, kikiwa laini umekwisha. Papa Esta alikuwa na kiganja laini na miwani. Wiki hiyohiyo alituma mtu kutuambia kamyoneti inauzwa.

Unaweza kuuliza kwa nini asipande gari lake mwenyewe na watu wake akavuka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo. Tulimuuliza. Wanajeshi wa serikali kwenye baro, kizuizi cha barabarani pale Kavimvira, walikuwa wanachukua kila gari linalofika, na dereva wanampeleka nalo. Kwa hiyo alitaka kuvuka kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi hakutaka faranga zetu za Kongo, alitaka za ng'ambo. Sisi tulikuwa nazo, maana ndagala wetu wengine walikwenda kuuzwa soko la Usumbura.

Mara ya kwanza tulikwenda wawili, mimi na Sumaili. Sijawahi kusahau kile chumba. Viti vinne vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, saa ya mezani, picha ya mlima wenye theluji iliyokatwa kwenye kalenda. Mama Esta alituletea chai ya maziwa, mkate uliokatwa vipande vyembamba sana, na karanga kwenye kisahani. Nilikaa kwenye ncha ya kiti kwa sababu suruali yangu ilinuka samaki. Tulipomaliza tukatoka uani kuangalia gari. Sumaili akalizunguka mara tatu, akapiga teke gurudumu, akavuta ile kamba.

"Papa Esta, hii mutuka iko mzee."

"Iko mzee," karani akajibu. "Miaka kumi na mbili."

"Na mlango huu?"

"Haufungi."

"Inawaka na ufunguo?"

"Hapana, kwa kuzungusha manivele. Ufunguo ulikufa zamani. Tena kuna kitu hamujaona, radiyata inavuja. Mukienda Bwegera mutaijaza maji mara mbili."

Sumaili alinigeukia kama mtu aliyepigwa kofi. Kwetu ukimwambia mvuvi samaki wake amelainika, anakuambia mdomo wako ndio umelainika, na hapo biashara imeanza. Huyu alikubali kila kitu na kuongeza! Akataja bei yake: elfu kumi na tano za Usumbura. Aliitaja kama anasoma kwenye karatasi. Sumaili akasema "Tutaongea, Papa," akashukuru kwa chai, na njiani alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu muntu hajui kuuza. Anajitukana mwenyewe!" Nami nikacheka. Nikamuuliza tutampa ngapi. Akanitazama. "Leo? Leo hatusemi kitu. Jua lake halijapanda."

Tulirudi baada ya siku nne. Chai ilikuwa haina maziwa. Karani alikuwa biro bado, Sumaili akabaki uani anainama chini ya gari, mimi nikakaribishwa ndani. Kati ya chumba kile na jiko kulikuwa na pazia tu. Nikamsikia Mama Esta anaongea na mama wa karani, kizee ambaye nyumba nzima ilimwita koko.

"Kila kichwa elfu moja na mia tano," Mama Esta alisema. "Hata mtoto wa mgongoni."

"Hata mimi? Mimi sina kilo."

"Hata weye, koko. Tuko saba. Inafika elfu kumi na mia tano, na hapo hatujala."

"Na wale watu wa ndagala?"

"Wale? Wanakunywa chai yetu, bei hawasemi. Mmoja iko humu ndani sasa hivi."

Nilitazama ule mlima wa theluji kama mtu aliyetumwa kuuhesabia miti. Njiani nikamwambia Sumaili yote niliyosikia, kwa nia njema, mnisadiki. Nilidhani akisikia habari za koko na mtoto wa mgongoni moyo wake utainama. Akasimama katikati ya barabara. "Elfu kumi na mia tano," akasema polepole. "Na yeye alituambia kumi na tano." Nikajua nimefanya kitu, sikujua bado ni kitu gani.

Mara ya tatu viti viwili havikuwepo, wala saa. Chai haikuwa na sukari, na karani mwenyewe ndiye aliyeileta. Alikuwa amekonda. Akasema, "Sumaili, ndugu yangu, niambie tu kama unaitaka ao huitaki. Minye sina siku nyingi." Sumaili akampa pole ya mambo ya nchi na kusema tutarudi. Siku iliyofuata watu wakaanza kuingia mjini kutoka upande wa Luberizi na magodoro kichwani, na mwenzetu mmoja akarudi bila baiskeli, bila samaki, bila viatu.

Hapo ndipo tuliposhika sahani ya bukari na sombe, ugali na kisamvu, mimi na Sumaili, chumbani kwake, tukaamua tutampa karani kiasi gani. Tulikuwa na elfu kumi na mbili zote pamoja, zimefungwa kwenye kitambaa. Sumaili alizigawa mafungu mawili juu ya mkeka.

"Tunampa tisa."

"Yaya, tisa ni watu sita. Wao wako saba."

"Minye najua kuhesabu."

"Mmoja atabaki."

"Nani atabaki? Hakuna atakayebaki! Atasema hapana. Hujui kazi yako? Ukisema tisa, yeye atasema hapana, wewe unaongeza moja. Atasema hapana, unaongeza nusu. Akilia sana fikisha kumi na mbili, chukua, hizi elfu tatu ziko kwako, ziweke kiunoni. Nimekubali. Lakini hiyo hapana itoke kinywani kwake." Akatia tonge mdomoni. "Kwenda uende weye. Weye anakupenda."

Nikakubali. Na niseme ukweli, nililala vizuri. Kwenye hesabu yangu wale watu saba walikuwa wamekwisha kuvuka. Nilibeba tisa ndani ya kikapu chini ya ndagala, na tatu kiunoni, na nilichohitaji ni neno moja la karani, neno ambalo hata mtoto wa mvuvi analijua kabla hajaota meno.

Nilimkuta mlangoni, amevaa koti, vifurushi viko chini. Sikukaribishwa chai. Nikamwambia: "Papa Esta, yaya amesema elfu tisa." Nikangoja.

Alivua miwani akaifuta na shati. Nikaona midomo yake inahesabu. Mama Esta alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, na yeye pia alihesabu, nilimwona. Nilimwangalia karani nikamwomba kwa macho: sema. Nitukane. Sema sisi ni wezi. Akavaa miwani.

"Sawa," akasema. "Leta."

"Papa... ni tisa."

"Nimesikia, mwanangu. Tisa. Leta, mtumbwi hautungoji."

Nimefikiri jambo hili kwa miaka mingi. Kwa watu wa biro, namba ikishaandikwa imeandikwa. Mkubwa anakuambia mshahara wako ni huu, unasema ndiyo, unaweka sahihi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba bei ya kwanza ni kugonga mlango tu. Alidhani ndiyo mwisho wetu, kama yeye alivyotupa mwisho wake siku ya kwanza. Na mimi nilidhani anajua. Nikampa zile tisa, akaandika letre, hati ya kuuza, kwa herufi nzuri, akaniambia nifuatane nao mpaka majini, halafu atarudi kunionyesha manivele, maana gari halikabidhiwi bila kuonyeshwa.

Kule ufukweni mwenye mtumbwi alihesabu vichwa kwa kidole. Akahesabu mara mbili. "Mumelipa sita." Koko akasema basi yeye atabaki, yeye ni mzee, nani atamtaka. Karani alimbeba kama mtu anavyobeba mtoto, akaingia na viatu vyake majini mpaka magotini, akamkalisha. Akawapitisha watoto wake wanne mmoja mmoja, wa mwisho yule wa mgongoni. Mama Esta alibaki mchangani. "Papa Esta, twende sisi wote ao tubaki sisi wote." Akamwambia, "Panda. Minye nitapita kwa miguu, nitawakuta soko la Usumbura." Mama Esta akanitazama mimi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Zile elfu tatu zilikuwa kwenye kitambaa, juu ya ngozi yangu, zina joto la mwili wangu. Mtu atauliza, kwa nini hukuzitoa? Watoto wangu sijawahi kuwasimulia kwa sababu wangeuliza hivyohivyo. Mwanzoni, pale mlangoni, nilikuwa ninangoja hapana. Halafu nilimwogopa Sumaili. Halafu, pale majini, haikuwa tena sheria wala Sumaili. Ningezitoa, wote wangejua kwamba zilikuwepo tangu mlangoni, kwamba nilitembea nazo nyuma yao njia nzima huku koko anajikwaa. Kila hatua niliyokwenda bila kuzitoa ilizifanya ziwe nzito zaidi kutoa. Mtumbwi ukasukumwa. Bado ungeweza kuitwa. Ukafika mahali ambapo mtu anaweza kuitwa kwa kupiga kelele, halafu ukapita pale.

Jioni ile Sumaili alizihesabu zile tatu, akazihesabu tena, akanikumbatia. "Kashindi! Hakusema hapana?" Nikamwambia hakusema. "Hata mara moja? Sasa umekuwa mnunuzi." Akanipa elfu moja, na mimi nikaichukua, nikanunua blanketi na mpira wa baiskeli. Kamyoneti yenyewe niimalize hapa isitusumbue. Ilitubebea ndagala safari mbili, mara zote radiyata ikiomba maji. Wanajeshi wa serikali wakaichukua walipokuwa wanakimbia, hawakufika nayo mbali, na waasi wakaikuta imelala mtaroni wakaichoma. Yote hayakufika wiki mbili. Sumaili alisikitika kidogo, akarudi kwenye baiskeli, na hatukuizungumza tena mpaka amekufa.

Lakini nimeruka kitu. Nimeruka jinsi karani alivyorudi kutoka majini.

Tulipanda wawili mpaka uani kwake, suruali yake inachuruzika maji. Nyumba ilikuwa wazi, kuku wameingia chumbani. Akachukua manivele, kile chuma cha kuzungusha, akaiingiza mbele ya gari na kuniita karibu. "Tazama gumba langu," akasema. "Liko upande mmoja na vidole. Ukilizungusha juu ya chuma, injini ikirudi nyuma itakuvunja mkono. Agronomu alivunjika. Umeona?" Nikasema nimeona. Akazungusha, likakohoa, likawaka mara ya pili. Akalizima. "Sasa weye." Nikazungusha, halikuwaka. "Pole pole, usilikasirikie. Tena." Alinifundisha mpaka liliwaka mikononi mwangu, na siku ile haikuwa ya kupoteza wakati, risasi zilikuwa zinasikika upande wa uwanda. Akanionyesha tangi, akanionyesha fundo la kamba ya mlango, jinsi ya kulifungua bila kulikata. Akaniuliza kama nina swali. Mimi nilikuwa nimeshika kiuno changu kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeumwa na tumbo. Nikasema, "Papa Esta..." Akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja mwenzake amalize. Nikasema, "Mafuta yanaingia lita ngapi?"

"Thelathini," akasema.

Akakamua maji kwenye miguu ya suruali, akafunga vifungo vya koti vyote, akavua miwani na kuitia mfuko wa ndani. Akanipa mkono, kiganja laini kweli. Akatoka uani, akashika barabara ya Kavimvira akipita pembeni, mahali pa watu wa miguu, akienda mwendo wa mtu anayewahi biro. Sijamwona tena, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alimwona.